Mrithi Asiye na Jina: Wahakiki na Bloodstained

Koji Igarashi alipoiacha kampuni ya Konami mwaka 2014, jina la Castlevania lilibaki mikononi mwa kampuni. Yeye alitoka na ufundi wake tu. Kwa ufundi huo, na kwa zaidi ya dola milioni 5.5 zilizochangwa na wapenzi wa michezo ya video mwaka 2015, akautunga Bloodstained: Ritual of the Night, uliotolewa Juni 2019. Wahakiki wengi waliusifu. Walikosoa vikali, na kwa haki, toleo la Nintendo Switch, lililokuwa likikwamakwama. Ama kuhusu mchezo wenyewe, kipimo chao kilikuwa Symphony of the Night wa mwaka 1997: ngome ileile ya kupekuliwa chumba kwa chumba, muziki wa Michiru Yamane yuleyule, hata uchakavu wa mtindo ukasamehewa kwa kuwa ni wa urithi. Kipimo hicho chaficha jambo kubwa. Alucard, shujaa wa mchezo wa kwanza, ni mwana wa Dracula, na nguvu zake ni za nasaba. Miriam ni yatima. Nguvu zake zatoka katika fuwele alizopandikizwa mwilini na wanaalkemia, nazo ndizo zinazomtishia maisha.