Ramani za kale za Lamu na utafutaji wa ukoo: nani kachorwa, nani kaachwa nje



Imezuka siku hizi, hasa kwetu sisi tulio nje, shauku ya kutafuta asili za koo zetu kwa kutumia ramani za zamani. Mtu anapata picha ya ramani ya mji iliyochorwa zama za Mwingereza, anaikuza kwenye kompyuta mpaka anaona kiwanja chenye nambari, anaifuata nambari ile katika daftari la ardhi, anakuta jina linalofanana na la babu yake. Basi, kesi imekwisha: "Hii ndiyo nyumba yetu!" Nionavyo mimi kazi yenyewe ni njema, na laiti ingalianza mapema zaidi wakati wazee wengi wako hai. Lakini namna tunavyoifanya ina kasoro kubwa, na kasoro hiyo inawaumiza watu ambao bado wanaishi katika nyumba hizo. Nitazungumza juu ya Lamu peke yake, kwa sababu ndiko kwa upande wa mama yangu, na kwa sababu mji ni mdogo kiasi kwamba kosa la mtu mmoja linafika kila baraza kabla ya alasiri.

Tuanze na njia hii imetoka wapi. Mimi naishi Uingereza mwaka wa ishirini na kitu sasa, na naona majirani zangu wanavyofanya. Mwingereza anayetafuta babu yake ana ramani za Ordnance Survey zinazoonyesha nyumba moja moja, mpaka ukuta wa bustani. Lakini si ramani tu. Ana sensa ya kila miaka kumi ambayo tangu 1841 imeandika majina ya watu nyumba kwa nyumba, na baadaye ikaongeza nani ni mke, nani ni mtoto, nani ni mtumishi, kila mtu kazaliwa wapi. Sensa hizo hufunguliwa baada ya miaka mia. Ile ya 1921 imefunguliwa Januari 2022. Kwa hiyo ramani kwake ni mguu mmoja, na mguu wa pili ni sensa. Sisi tumeichukua njia hii tukauacha mguu wa pili, kwa sababu hatuna. Kenya, hesabu ya kwanza iliyojumuisha watu wote ilikuwa ya 1948. Kabla ya hapo Mwafrika alihesabiwa kwa kibanda chake cha kodi. Tunaruka kwa mguu mmoja halafu tunashangaa kwa nini tunaanguka.

La pili, ambalo wanahistoria mnalijua lakini mkiingia katika mambo ya ukoo mnalisahau: kila ramani ina mwenyewe aliyeilipia. Manowari za Kapteni Owen zilizopima pwani yetu miaka ya 1820 zilitaka kujua kina cha maji na mahali pa kutia nanga, kwa hiyo kwao Lamu ni mlango wa bahari, ngome na mchanga. Ukitafuta humo kichochoro cha bibi yako umepoteza wakati. Kule Marekani ramani za kampuni ya Sanborn, ambazo wenzetu walioko huko huzisifu, zilichorwa kwa ajili ya bima ya moto, ndiyo maana nyumba ya matofali imepakwa rangi ya waridi na ya mbao manjano. Muulize mchoraji alikuwa akiogopa nini, utajua kwa nini kachora alichochora.

Na ramani za viwanja vya pwani ya Kenya? Hizi zinatokana na Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908. Serikali ilimtaka kila anayedai ardhi katika ukanda wa pwani alete dai lake, lisikilizwe, lipimwe, apewe hati. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Kwa hiyo jina unaloliona katika daftari lile ni la mtu aliyepata habari, akawa na mashahidi, akawa na nafasi ya kwenda mbele ya afisa, na akasikilizwa. Ni orodha ya wadai, na wadai si ukoo. Aliyekuwa safarini na jahazi hayumo. Mjane asiyetoka nje mchana aliwakilishwa na kaka au mume. Na tazameni mwaka: utumwa ulifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na sheria ya ardhi ikaja 1908. Mtu aliyekuwa mali ya mwenzake jana, leo aje aseme mbele ya yule yule bwana wake wa jana kwamba shamba hili nimelilima mimi na baba yangu! Wangapi walithubutu?

Sasa tuingie ndani ya nyumba, manake hapa ndipo ramani inaposhindwa kabisa. Katika nyumba za mawe za Mkomani desturi ya waungwana ilikuwa baba humpa binti yake nyumba anapoolewa, au humjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi. Mume ndiye anayehamia. Kijana anatoka kwa mama yake na mkeka wake, anaingia katika nyumba ya mkewe, na akimwacha anatoka yeye, nyumba inabaki. Maana yake ni kwamba kuta za Lamu zimerithiwa sana kwa njia ya akina mama, ilhali majina tunayoyafuata katika daftari ni ya "fulani bin fulani". Unafuata mstari wa baba katika jiwe lililopitia kwa mama. Mnaona tatizo?

Zaidi ya hayo, ramani ni bapa. Nyumba yenye ghorofa mbili au tatu, kila ghorofa na dada mmoja na watoto wake, kwenye karatasi ni kiboksi kimoja chenye nambari moja. Na kinyume chake pia: nyumba mbili zinazotazamana katika kichochoro, kila moja na daka lake na nambari yake, huko juu zimeunganishwa kwa wikio, yaani chumba kinachopita juu ya njia ili wanawake watembeleane bila kushuka. Mpima ardhi alisimama chini na mnyororo wake. Kaandika viwanja viwili, koo mbili. Aliyepita juu ya wikio kila siku kupeleka bakuli la mchuzi kwa nduguye alijua ni nyumba moja. Ndiyo sababu mimi huwaambia wanafunzi wangu kwamba kitabu cha Usam Ghaidan cha 1975 juu ya mji wa Lamu, ingawa ni cha msanifu majengo na hakikuandikwa kwa ajili ya nasaba, kinafaa zaidi kwa kazi hii kuliko ramani yoyote ya serikali: yule bwana aliingia ndani, akachora nyumba zikiwa zimepasuliwa kama papai, unaona vyumba na ghorofa.

Nitatoa mfano ninaoujua vizuri. Ipo nyumba moja Mkomani ambayo katika karatasi za ardhi imeandikwa jina la bwana mmoja aliyetoka Hadhramaut akaoa Lamu. Alikuwa na mke mwingine Mombasa, na watoto huko. Miaka michache iliyopita vitukuu wa upande wa Mombasa, mmoja wao msomi kama sisi, walikuja na nakala ya ramani na daftari, vimechapishwa vizuri, wakataka sehemu yao ya urithi. Kwa karatasi hawana kosa. Lakini waliokaa nyumba ile, na mimi nahesabika upande wao kwa hiyo mnihukumu mtakavyo, walikuwa wakijua tangu utotoni kwamba nyumba ni ya bibi, kapewa na baba yake, na huyo Mhadhrami aliingia humo akiwa mume. Na tofauti si ndogo. Kama nyumba ilikuwa ya mume, watoto wa wake wote wawili wanaingia. Kama ilikuwa ya mke, naye akafa kabla ya mumewe akaacha mume, watoto wawili wa kiume na mmoja wa kike, basi mume ana robo, kila mwana ana sehemu 6 katika 20, binti ana 3 katika 20, na watoto wa Mombasa hawapati ila kupitia ile robo ya baba yao. Jambo zima linategemea neno moja ambalo ramani haina nafasi ya kuliandika.

Waliokwenda na ramani ile walikuwa watu wema, nasema kwa haki. Hawakughushi kitu. Walichofanya ni kuanza na karatasi na kumaliza na karatasi, bila kumuuliza hata mama mmoja. Na Lamu si mahali pa kuchezea karatasi za ardhi. Mji uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na bei za nyumba za mawe si siri. Mwaka 2012 ukazinduliwa mradi wa bandari mpya na njia zake, na Julai 2014 serikali ikatangaza kufuta hati za ekari zipatazo 500,000 katika kaunti ile. Watu wamezoea kuamka wakakuta mtu na karatasi. Mwana wa nyumbani akija naye na karatasi, hata kwa nia ya historia, lazima moyo uruke.

Langoni ni hadithi nyingine, tena ngumu zaidi. Nyumba za makuti katika ramani nyingi hazichorwi hata kidogo, au zinatiwa vidoa tu. Na hata zikichorwa, kuna ile desturi ya pwani nzima ya nyumba bila ardhi: kiwanja ni cha tajiri au wakfu, nyumba ni yako, unalipa kodi ya uwanja. Familia inaweza kukaa mahali pamoja vizazi vitatu, ikazaa na kuzika, na katika daftari isionekane popote, kwa kuwa daftari linaandika ardhi. Wengi wa hao ni wajukuu wa watu waliopewa majina ya Feruzi, Almasi, Mabruki, Farajala. Majina ya vito na baraka ambayo mabwana waliwapa watumwa wao. Nimesoma makala kadhaa za "historia ya familia za Lamu" zilizojengwa juu ya ramani, na sijaona hata moja yenye Feruzi ndani yake. Halafu tunaziita historia ya mji! Sisemi waandishi wamefanya makusudi. Walifuata chanzo, na chanzo kilikuwa kimeshachagua.

Msinielewe vibaya lakini, mkadhani nasema ramani zitupwe. Kuna mambo zinayoyajibu vizuri kuliko binadamu. Wazee wa kwetu walikuwa wakisema kwamba zamani bahari ilikuwa ikifika karibu na ngome, na sisi watoto tukicheka, kwa sababu kati ya ngome na bahari tulikuwa tukiona majumba. Walikuwa wakisema kweli. Ngome iliyomalizwa mwaka 1821 hivi ilijengwa karibu na maji, na ile safu ya majengo ya mbele imekuja baadaye, karne ya 19 ikielekea mwisho, juu ya ardhi iliyojazwa. Linganisha michoro ya vipindi viwili na utaona ufuko unasogea. Kwa hiyo mtu akikwambia nyumba ya ukoo wake ya ufukweni ni ya karne ya 18, mwulize imejengwa juu ya maji? Hapo ramani inakata maneno. Visima, misikiti, makaburi, njia zilizozibwa: yote haya ramani inayatunza, na tunazihitaji.

Ninachopinga ni mpangilio. Anza na majina ya akina mama, vizazi vinne ukiweza, kila mmoja aliolewa nyumba gani na nani alihamia. Uliza wikio ziko wapi au zilikuwa wapi. Uliza nani alilipa kodi ya uwanja kwa nani. Ukishajaza daftari lako mwenyewe ndipo ufungue ramani.

Na mkifika kwenye nyaraka, msikimbilie jina la mmiliki. Hati za kadhi za pwani hutaja mpaka wa nyumba kwa pande nne kwa majina ya majirani: upande wa kibla nyumba ya fulani, kusini njia, na kadhalika. Wanawake ambao hawakwenda kudai mbele ya afisa, wamo humo katika mipaka ya watu wengine. Ile nyumba niliyoitaja, haikuokolewa na hati yake yenyewe. Jirani wa kusini alikuwa ameuza kwake zamani, kabla ya wapimaji kuja, na hati yake ya kuuzia ilikuwa bado ipo sandukuni kwa wajukuu zake, imekunjwa katika kitambaa. Mpaka wa kaskazini, iliandikwa kwa Kiarabu cha karani wa kadhi, ni nyumba ya Mwana fulani binti Shee fulani. Jina la mumewe halikutajwa.