Mwenye Kushindwa na Kiti Chake

Neno hili limesemwa sana katika nchi yetu, nasi twaona si vema kulipita kimya: mkuu wa chama aliyekaa kitini miaka mingi, chama chake kikiisha kushindwa katika uchaguzi, je, imempasa kuondoka? Wengi hujibu upesi. Huyu husema, “Na aondoke, ameshindwa.” Yule husema, “Hakushindwa, kura ziliibwa, basi na akae.” Majibu haya mawili ndiyo tunayotaka kuyapima. Kila moja lina ila yake, walakini lile la pili ndilo lililozoeleka zaidi miongoni mwa wapinzani, na kwa hiyo ndilo linalohitaji kukosolewa zaidi.

Tuanze hapa nyumbani. Mwaka 2010 mji wa Arusha ulimchagua Bwana Godbless Lema wa CHADEMA kuwa mbunge wake. Aprili 2012 wapiga kura wa Arumeru Mashariki, chini ya mlima Meru, wakamchagua Bwana Joshua Nassari, kijana wa chama hicho hicho, wakamwacha mgombea wa CCM ambaye baba yake ndiye aliyekuwa mbunge wao hata kufa kwake. Mwaka 2015 Arusha ikamrudisha Bwana Lema. Ndipo ukaja uchaguzi wa Oktoba 2020. Arusha ikahesabiwa kwa CCM, na katika nchi nzima chama kile kilichokuwa na majimbo zaidi ya 30 kikabakiwa na jimbo moja tu, Nkasi Kaskazini, mbali kule Rukwa. Mwenyekiti wake, Bwana Freeman Mbowe, aliyeshika kiti tangu 2004, akakosa hata jimbo lake la Hai.

Je, ilimpasa kuondoka siku ile? Sisi twasema hapana, si kwa hesabu ile. Tangu mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilikuwa imekatazwa, na katazo hilo halikuondolewa hata Januari 2023. Wagombea wengi wa upinzani waliondolewa katika orodha kabla ya siku ya kura. Mkulima hapimwi kwa mavuno ya shamba alilozuiwa kulilima. Tena liko jambo kubwa kuliko hilo. Tukiweka sheria kwamba kila anayeshindwa sharti aondoke, basi mwenye kuhesabu kura atapata kazi mbili: kuchagua mbunge, na kuchagua pia nani awaongoze wapinzani wake. Uingereza jambo hilo huwa jepesi. Bwana Rishi Sunak aliposhindwa Julai 2024 alitangaza kuondoka katika uongozi wa chama chake bila kusukumwa, maana wote, hata yeye mwenyewe, walikubali kwamba hesabu ni ya kweli. Kwetu hesabu yenyewe ndiyo inayogombewa.

Hata hapo jibu la kwanza limekwisha kuanguka, na wengi hupenda kukomea papo hapo, wakidhani kwamba la pili limesimama. Halikusimama. Maana kama kura ziliibwa mwaka huu, na miaka mitano ijayo zitasemwa zimeibwa tena, mwenye kiti atapimwa lini, na kwa kipimo gani? Dhuluma aliyotendewa ni ya kweli, lakini ameigeuza kuwa mto wa kulalia. Hakuna tena awezaye kumwambia kwamba alikosea kuchagua wagombea, au kwamba mwaka 2015 chama kilimpokea Bwana Edward Lowassa kutoka CCM kwa haraka mno, hata katibu wake mkuu, Dakta Slaa, akakiacha. (Kwamba Bwana Lowassa alileta karibu kura 40 kwa mia hatukatai. Kwamba Machi 2019 alirudi alikotoka, hilo nalo limeandikwa.) Kila lawama hujibiwa kwa neno moja tu: “Tuliibiwa.”

Tazameni yaliyokipata chama cha CUF. Profesa Ibrahim Lipumba aligombea urais mwaka 1995, 2000, 2005, 2010 na tena 2020. Mwaka 2000 alipata kura zaidi ya 16 kwa mia, na mwaka 2020 hakufikia hata moja kwa mia. Agosti 2015 alijiuzulu uenyekiti, nasi tulidhani jambo limekwisha, kumbe mwaka uliofuata akarudi kukidai kiti. Machi 2019 Maalim Seif na wafuasi wake wakahamia ACT-Wazalendo. Kiti kikabaki na mwenyewe, watu wakaihama nyumba. Naye Maalim Seif, tukiwa wa haki, aligombea urais wa Zanzibar mara sita bila kutangazwa mshindi, na wafuasi wake hawakumchoka, kwa kuwa waliamini kwamba kura zao zilinyang'anywa. Basi mwaonaje? Kushindwa kwa namna moja humfanya mmoja kuwa mzigo na mwingine kuwa bendera. Ndiyo maana twasema kushindwa peke yake si kipimo.

Kipimo tunachokitafuta wazee wa mlima huu walikuwa nacho. Waarusha waliishi kwa marika, na Wameru jirani zao vivyo hivyo. Morani hakuambiwa aache umorani kwa kuwa siku moja alirudi vitani mikono mitupu, wala hakuachiwa aendelee kwa kuwa alishinda. Wakati wa rika lake ulipotimia, rika lote liliinuliwa pamoja kuwa wazee, na walio nyuma wakaingia mahali pao. Aibu haikuwapo, kwa kuwa hakuna aliyefukuzwa. Wasomaji wetu wanaosoma Kitabu cha Samweli wanajua jinsi mzee yule alivyosimama mbele ya watu, mfalme mpya akiwapo, akawataka wamshuhudie kama alimdhulumu mtu yeyote. Hakungoja kuvunjika moyo kwa taifa ndipo atoe hesabu.

Tena mfano uko karibu zaidi, Tengeru. Huko ndiko alikofanya makazi na shamba lake la kahawa Mzee Edwin Mtei, gavana wa kwanza wa Benki Kuu, mtu aliyejiuzulu uwaziri wa fedha mwaka 1979 alipotofautiana na Mwalimu Nyerere. Mwaka 1992 alikuwa mkuu wa waanzilishi wa CHADEMA. Mwaka 1995 chama kilipata majimbo matatu tu. Mwaka 1998 alimwachia Bwana Bob Makani uenyekiti, naye Bwana Makani akaja kumwachia Bwana Mbowe. Watu wawili kwa miaka kumi na kidogo, na chama hakikufa. Ndipo akaja wa tatu, akakaa miaka 21.

Hatutaki kumwonea Bwana Mbowe. Mwaka 2005 chama kilikuwa na majimbo matano. Ni chini yake kilipofika hapo kilipofika. Juni 2013 bomu lilirushwa katika mkutano wa chama chake hapa Arusha, uwanja wa Soweto, watu wakafa, naye alikuwapo. Julai 2021 alikamatwa kwa shitaka la ugaidi, akakaa mahabusi hata Machi 2022 shitaka lilipofutwa. Mtu wa namna hiyo ni vigumu kumwambia, “Baba, sasa pumzika.” Walakini ugumu huo ndio unaotaka sheria iliyoandikwa mapema, kabla mtu hajawa na makovu ya kuonyesha. ACT-Wazalendo waliiandika: miaka kumi, basi. Machi 2024 Bwana Zitto Kabwe akaondoka, Bibi Dorothy Semu akashika uongozi, na hapakuwa na matusi.

CHADEMA haikuwa na ukomo wa namna hiyo, na gharama yake tuliiona. Januari 2025, katika mkutano mkuu wa Dar es Salaam, Bwana Tundu Lissu alipata kura 513, Bwana Mbowe 482. Mwenye kushindwa alikubali na kumpongeza mwenziwe, nasi twamsifu kwa hilo. Lakini miezi ya maneno makali ilikwisha kutangulia, ndugu wakiitana wasaliti mbele ya watu. Mwezi wa Mei wengi wa upande mmoja walihamia CHAUMMA, wakati ambapo mwenyekiti mpya alikuwa amekwisha kukamatwa, tangu Aprili, na kushtakiwa uhaini.

Alipotangaza kugombea, Desemba 2024, Bwana Lissu alisema ukomo wa madaraka uwekwe chamani. Hilo lilikuwa neno la mgombea. Kuliandika katika katiba ya chama ni kazi ya mkutano mkuu, na wajumbe wake wengi hutoka mikoani, wa Arusha na Meru wakiwamo.