Kiingereza cha Wanafunzi wa Sheria na Neno la Shahidi: Uhakiki wa Ufundishaji wa Ngazi ya Juu ya Kati nchini Tanzania

Makala haya yanahakiki namna Kiingereza cha ngazi ya juu ya kati kinavyofundishwa kwa wanafunzi wa sheria nchini Tanzania. Hoja inayotetewa ni kwamba ufundishaji huo humtayarisha mwanafunzi kuwa wakili anayeandikiana barua na wakili mwenzake kwa Kiingereza, ilhali kazi inayomsubiri ni kuvusha maneno ya watu kati ya Kiswahili na Kiingereza. Kazi hiyo haifundishwi. Kipimo cha hoja hii ni Galula, kata ya Wilaya ya Songwe, katika mkoa uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Galula haina chuo kikuu. Ina watu wenye mashamba, mirathi na madeni, ambao shauri lao likifika mbele ya sheria hufika kwa Kiswahili.

Ngazi ya juu ya kati ni ile inayoitwa B2 katika Mfumo wa Pamoja wa Marejeo wa Ulaya. Mwanafunzi wa ngazi hii huelewa mawazo makuu ya matini ngumu na huzungumza bila kukwama mara kwa mara. Anachokosa ni uhakika katika tofauti ndogo za maana, hasa za nyakati za vitenzi. Kwa mfanyabiashara upungufu huo unavumilika. Kwa mwanasheria hauvumiliki, kama itakavyoonekana.

Kitabu kinachoweza kuchukuliwa kuwa kielelezo cha ufundishaji wa ngazi hii duniani ni International Legal English cha Amy Krois-Lindner na taasisi ya TransLegal, kilichochapishwa na Cambridge University Press mwaka 2006. Ni kitabu kizuri kwa waliolengwa nacho. Mazoezi yake yamepangwa kwa ustadi na matini zake zinafanana na za ofisini. Lakini sura zake 15 zinaeleza mapema mteja ni nani: kampuni na mitaji yake, mikataba, hakimiliki, hati za fedha, dhamana za mikopo, ushindani wa kibiashara. Mali isiyohamishika ina sura moja. Mirathi haina sura, wala ushahidi wa mdomo. Aidha, kitabu kilifungamana na mtihani wa ILEC wa Cambridge, uliositishwa mwaka 2016. Kozi ya Afrika Mashariki inayoendelea kufuata mpangilio huo inafuata njia ambayo hata kibao chake kimekwisha kung'olewa.

Tom Hutchinson na Alan Waters, katika kitabu chao cha mwaka 1987 kuhusu Kiingereza kwa malengo maalumu, walisisitiza kwamba kozi ianze na swali la kwa nini mwanafunzi huyu anahitaji lugha hii. Swali hilo linanukuliwa sana katika tasnifu zetu. Ni nadra kulikuta likijibiwa kwa kutazama chumba cha mahakama cha Tanzania.

Tukitazame. Kwa mujibu wa kifungu cha 13 cha Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1984, lugha ya mahakama ya mwanzo ilikuwa Kiswahili. Katika mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi shauri liliweza kuendeshwa kwa Kiswahili au Kiingereza, lakini kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza. Mabaraza ya ardhi ya wilaya nayo yalizoea kuandika kwa Kiingereza. Maana yake ni kwamba kwa miongo kadhaa shahidi alisema kwa Kiswahili na hakimu akaandika kwa Kiingereza papo hapo, kwa mkono, bila mkalimani na bila kuitambua kazi hiyo kuwa ni tafsiri. Mahakama ya rufani haikumsikia shahidi. Ilisoma tafsiri ya hakimu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mkazi wa Galula anadai shamba la bondeni. Shahidi wake anasema: “Baba yangu alikuwa akilima shamba lile tangu nikiwa mdogo.” Mwanafunzi wa ngazi ya juu ya kati, aliyefundishwa vyema namna ya kueleza mazoea ya zamani, ataandika: “My father used to cultivate that farm when I was young.” Katika zoezi la sarufi atapata alama zote, kwa kuwa sentensi haina kosa. Lakini “used to” humwambia msomaji kwamba mazoea yale yalikoma, na “when” imelibana jambo zima ndani ya utoto wa shahidi. Kiswahili chake hakikusema hivyo. “Tangu” imetaja mwanzo tu, na “alikuwa akilima” haikutamka mwisho. Angeandika “had been cultivating” pamoja na “since”, msomaji angebaki na kilimo kisichokatika hadi wakati fulani unaopaswa kuulizwa.

Tofauti hiyo si ya mapambo. Chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, dai la kurejesha ardhi lina ukomo wa miaka 12. Nani alikuwa shambani, tangu lini na hadi lini, ndiyo kesi yenyewe. Kiswahili kiliacha mlango wazi. Kiingereza cha mwanafunzi wetu kimeufunga bila mtu yeyote kuamua ufungwe. Aliyefunzwa kazi hii angesita kabla ya kuandika, kisha angemuuliza shahidi swali la nyongeza: alilima hadi lini? Halafu angeuliza kama “baba” huyo ndiye aliyemzaa shahidi au ni baba yake mdogo, kwa kuwa Kiingereza hakitakubali neno moja kwa wote wawili, na sheria ya mirathi pia haitakubali.

Mjadala wa hadharani kuhusu lugha ya wanasheria haujafika hapa. Mwaka 2022 yalipotangazwa matokeo ya Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambapo kati ya wanafunzi 633 waliofaulu masomo yote walikuwa 26, Serikali iliunda kamati chini ya Dkt. Harrison Mwakyembe, na udhaifu wa Kiingereza ulitajwa sana miongoni mwa sababu. Hatukatai kwamba udhaifu upo; ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilikwisha kuonya kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuweza kufuata masomo kwa lugha hiyo. Tunachokataa ni kulisema neno “Kiingereza” kana kwamba ni kitu kimoja. Alama za mtihani hazituonyeshi kama mtahiniwa alishindwa kusoma hukumu, kuandika hoja, au kulipa maelezo ya mteja umbo la kisheria. Dawa ya kila kimojawapo ni tofauti.

Yupo atakayesema kwamba hoja hii imepitwa na wakati tangu marekebisho ya mwaka 2021 yalipofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki. Mabadiliko hayo ni makubwa. A. B. Weston, mkuu wa kwanza wa Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam, alikuwa akiandika juu ya ugumu wa kuiweka sheria katika Kiswahili tangu miaka ya 1960. Hata hivyo marekebisho yamegeuza mwelekeo wa tafsiri tu, hayakuiondoa. Sheria iyo hiyo inaruhusu Kiingereza pale maslahi ya haki yanapohitaji, na maamuzi ya Mahakama ya Rufani tangu ilipoanzishwa mwaka 1979 kwa sehemu kubwa kabisa yako katika Kiingereza. Wakili wa leo atasoma kwa Kiingereza na kujenga hoja kwa Kiswahili mbele ya mteja anayemsikia. Akipotosha, mteja wake angalau ataelewa kilichosemwa, ingawa hatajua kilichoachwa.

Kwa hali hiyo, kusoma kunapaswa kupewa saa nyingi kuliko kuzungumza. Vijay Bhatia alitofautisha kurahisisha matini ya sheria na kumrahisishia msomaji njia ya kuiingia matini ikiwa imebaki kama ilivyo. Njia ya pili ndiyo inayofaa, kwa kuwa hakuna hakimu atakayempa wakili hukumu iliyorahisishwa. Hapa Kiswahili ni chombo: mwanafunzi aeleze uwiano wa hukumu kwa Kiswahili, na pale atakapokwama pataonyesha ni kishazi gani cha Kiingereza hakukielewa. Walimu wengi wamekatazwa kufanya hivyo, kwa imani kwamba Kiswahili darasani huharibu Kiingereza. Katika kozi ya watalii huenda imani hiyo haina madhara.

Kikwazo kilichobaki ni mtihani. Maadamu karatasi ya mwisho inauliza kujaza nafasi na kuandika barua ya maombi ya kazi, hakuna mwalimu atakayetumia juma zima kwa sentensi moja ya shahidi. Swali linaloweza kuwekwa badala yake si gumu kulitunga: maelezo ya Kiswahili ya nusu ukurasa, tafsiri mbili za Kiingereza zisizo na kosa la sarufi, na mtahiniwa atakiwe kueleza ni ipi inayomdhuru mteja, na ni swali gani lingeulizwa kabla ya kuandika.