Kurejesha Mafaili Baada ya Diski Kufomatiwa: Kinachofutika na Kinachobaki

Kufomati diski ya kompyuta ni kuiwekea mfumo mpya wa mafaili, yaani utaratibu unaoiwezesha programu endeshi kujua kila faili linaitwaje, lina ukubwa gani na limehifadhiwa katika sehemu zipi za diski. Watumiaji wengi huamini kwamba tendo hilo hufuta kila kilichokuwamo, na kwa sababu ya imani hiyo wengine hukata tamaa mapema, na wengine, jambo lililo baya zaidi, huendelea kuitumia diski ile ile wakidhani hakuna tena cha kupoteza. Uchambuzi huu unaeleza namna mafaili yanavyorejeshwa baada ya diski kufomatiwa, na unaonyesha kwamba mara nyingi hatima ya mafaili hayo haiamuliwi na kufomati kwenyewe, bali na kile kinachoandikwa juu ya diski baada ya hapo.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo la Karatu na Ngorongoro. Mji wa Karatu uko kando ya barabara inayotoka Makuyuni kuelekea lango la Lodoare la Hifadhi ya Ngorongoro, na shughuli zake nyingi, kuanzia kambi na hoteli za watalii hadi shule, hospitali na ofisi za halmashauri, hutunza kumbukumbu zake katika kompyuta. Ndani ya hifadhi yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1959 na kuingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979, yapo pia maeneo ya utafiti wa kale ambayo kumbukumbu zake za kidijitali haziwezi kupatikana upya kwa urahisi. Mfano ulio wazi ni Laetoli, kusini mwa Bonde la Olduvai, zilipo nyayo za viumbe wa jamii ya binadamu zenye umri wa takriban miaka milioni 3.66. Nyayo za eneo linaloitwa G, zilizogunduliwa mwaka 1978 na timu ya Mary Leakey, zilifukiwa tena baada ya kuchunguzwa ili zisiharibike. Zikafukuliwa na kuhifadhiwa upya katika miaka ya 1995 na 1996, kisha zikafunikwa kwa mara nyingine. Kwa kuwa mtafiti hawezi kwenda kuzipima kila anapotaka, picha, ramani na vielelezo vya pande tatu vilivyokwisha kutengenezwa ndivyo vinavyobaki kuwa chanzo cha kazi yake, na kuvipoteza ni hasara isiyolipika kwa safari moja ya kwenda kupiga picha nyingine.

Ili kuelewa kwa nini faili huweza kurejeshwa, ni lazima kwanza kutenganisha mambo mawili yanayokaa pamoja ndani ya diski: maudhui ya faili lenyewe na orodha inayoonyesha maudhui hayo yako wapi. Ofisi yenye masjala huwa na daftari linaloonyesha kila jalada liko kabati gani na rafu ipi; daftari hilo likichanwa, majalada hayatoki kabatini, ila karani hajui tena pa kuyatafuta. Kufomati kwa haraka, ambako ndiko kunakochaguliwa na watumiaji wengi kwa sababu humalizika kwa sekunde chache, hufanya kazi ya namna hiyo: huandika daftari jipya lililo tupu na kuacha sehemu kubwa ya maudhui ya zamani mahali pake.

Katika kompyuta zinazotumia Windows, daftari hilo kwa kawaida ni jedwali kuu la mafaili la mfumo unaoitwa NTFS. Kila faili hupewa rekodi yake katika jedwali hilo, aghalabu yenye ukubwa wa baiti 1,024, na ndani ya rekodi huandikwa jina la faili, tarehe zake, folda lilimo na namba za klasta, yaani mafungu ya nafasi za diski yanayobeba maudhui. Diski inapofomatiwa kwa haraka kutoka NTFS kwenda NTFS, jedwali jipya huwa dogo na mara nyingi huanzia pale pale lilipoanzia la zamani, hivyo huharibu rekodi za mwanzo na kuziacha zinazofuata zikiwa zima. Programu endeshi haizioni tena rekodi hizo, lakini programu ya urejeshaji inayosoma diski sekta kwa sekta, yaani kipande kidogo kimoja baada ya kingine, huzitambua kwa alama inayoanza kila rekodi, kisha huzitumia kujenga upya folda na majina ya zamani.

Hali ni tofauti katika kadi za kumbukumbu za kamera, ambazo waongoza watalii na wapiga picha wa wanyama huzitumia kila siku. Kadi zenye ukubwa usiozidi gigabaiti 32 kwa kawaida hutumia mfumo wa FAT32, na zilizo kubwa zaidi hutumia exFAT. Mfumo wa FAT una jedwali linaloonyesha klasta ipi inafuatwa na ipi, na kufomati hulisafisha jedwali hilo, kwa hiyo faili lililotawanyika katika vipande vilivyo mbali hupoteza mfuatano wake. Bahati nzuri ni kwamba kamera huandika picha moja baada ya nyingine, na kadi iliyoanza kujazwa ikiwa tupu huwa na picha ambazo vipande vyake vimeshikamana, jambo linalofanya picha kuwa miongoni mwa mafaili yanayorejeshwa kwa mafanikio zaidi.

Kufomati kikamilifu ni jambo jingine kabisa. Katika Windows XP, tendo hilo lilikagua tu sekta mbovu bila kuandika juu ya maudhui, lakini tangu Windows Vista hujaza sifuri katika sehemu yote inayofomatiwa. Kwa hiyo swali la kwanza ambalo fundi makini humuuliza mteja ni aina ya kufomati iliyofanyika na muda uliotumika: diski ya terabaiti 1 iliyomaliza kufomatiwa ndani ya sekunde chache bado ina matumaini, ilhali ile iliyochukua saa kadhaa katika Windows ya kisasa kwa kawaida haina kitu cha kurejesha.

Hatua ya kwanza ya urejeshaji ni kuacha mara moja kuitumia diski. Kila faili jipya linalonakiliwa, kila programu inayosakinishwa, na hata kurasa za intaneti zinazohifadhiwa na kivinjari bila mtumiaji kujua, huweza kuandikwa juu ya klasta zenye maudhui ya zamani. Kusakinisha Windows upya kunaongeza hatari hiyo, kwa kuwa kunaandika gigabaiti nyingi, na kusakinisha programu ya urejeshaji ndani ya diski ile ile inayotakiwa kuokolewa ni kosa ambalo huwagharimu wengi. Njia salama ni kuzima kompyuta, kuitoa diski na kuiunganisha na kompyuta nyingine kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, au kuiwasha kompyuta kwa Linux iliyo katika flashi bila kuigusa diski yenyewe.

Hatua ya pili ni kutengeneza taswira ya diski, yaani nakala ya kila sekta, iliyojaa na iliyo tupu, ambayo huhifadhiwa katika diski nyingine yenye nafasi ya kutosha. Kazi yote inayofuata hufanyika juu ya nakala hiyo, hivyo hata fundi akikosea, chanzo hubaki salama. Programu huria ya GNU ddrescue imeundwa kwa kazi hii: husoma kwanza sehemu nzima, huacha kwa muda zile zenye hitilafu na kuzirudia baadaye, na huandika katika faili la kumbukumbu mahali ilipofikia. Sifa hiyo ya mwisho ina thamani kubwa mahali ambapo umeme huweza kukatika, kwa sababu kunakili terabaiti 1 kwa kasi ya megabaiti 100 kwa sekunde huchukua karibu saa 3, na kazi iliyokatizwa huendelea pale ilipoishia badala ya kuanza upya.

Hatua ya tatu ni kutafuta mafaili, na hapa zipo njia mbili. Njia ya kwanza hufuata mabaki ya orodha ya zamani kama ilivyoelezwa, na hurudisha faili pamoja na jina lake, tarehe yake na folda yake. Njia ya pili hutumika orodha ikiwa imeharibika: programu hupuuza mfumo wa mafaili na kutafuta saini, yaani baiti maalumu ambazo aina fulani ya faili huanza nazo. Picha ya JPEG huanza na baiti FF D8 FF, na hati ya PDF huanza na herufi %PDF, wakati hati za kisasa za Word na Excel huanza na herufi PK kwa sababu kwa undani wake ni mafurushi ya ZIP. PhotoRec, programu huria iliyoandikwa na Christophe Grenier, hufanya kazi kwa njia hii. Udhaifu wake ni kwamba majina na folda hupotea, na faili lililotawanyika hutoka likiwa limekatika. Video huathirika zaidi, kwa kuwa ni kubwa na mara nyingi maelezo yanayohitajika ili icheze huandikwa mwishoni mwake.

Hata hivyo, kupotea kwa jina hakumaanishi kupotea kwa taarifa zote. Picha ya kamera hubeba ndani yake tarehe na saa ya kupigwa, aina ya kamera na mipangilio ya lenzi, na kwa taarifa hizo maelfu ya picha zisizo na majina huweza kupangwa upya. Jambo hili lina maana kubwa kwa kumbukumbu za utafiti. Nyayo za eneo S la Laetoli, zilizotangazwa mwaka 2016 na timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ziliwekewa vielelezo vya pande tatu vilivyokokotolewa kutokana na picha nyingi zinazopishana. Kielelezo cha namna hiyo kikipotea huku picha zake zikiokolewa, kinaweza kukokotolewa tena, mradi vipimo vya ardhini vilivyotumika navyo vimeokolewa.

Laetoli hiyo hiyo inasaidia pia kuonyesha mpaka wa elimu hii. Nyayo tano za eneo A, zilizofukuliwa kwanza miaka ya 1970 na kisha kufunikwa na udongo, zilipatikana tena mwaka 2019 kwa msaada wa ramani na picha za Mary Leakey: zilikuwa pale pale, na kilichohitajika ni kumbukumbu ya mahali. Katika eneo G tatizo lilikuwa gumu zaidi, kwa kuwa kiumbe mmoja alikanyaga ndani ya nyayo za mwingine aliyemtangulia. Mwaka 2016 timu ya Matthew Bennett wa Chuo Kikuu cha Bournemouth ilitumia ulinganishaji wa kidijitali wa maumbo ya nyayo hizo kuzitenganisha nyayo za wawili hao, ikarudisha zile zilizokuwa zikihesabiwa kuwa zimepotea. Udongo ulihifadhi alama zote mbili. Diski haifanyi hivyo. Mwaka 1996 Peter Gutmann alijadili uwezekano wa kusoma mabaki ya usumaku chini ya maandishi mapya, lakini majaribio yaliyochapishwa na Craig Wright na wenzake mwaka 2008 yalionyesha kwamba katika diski za kisasa kuandika juu mara moja kunatosha kuyafanya maudhui ya zamani yasirejesheke kwa vitendo. Fundi anayeahidi kurudisha kilichoandikwa juu yake anaahidi asichokiweza.

Diski za SSD, ambazo hazina sahani zinazozunguka, zimebana matumaini zaidi. Tangu Windows 7, programu endeshi huipelekea diski ya namna hii amri ya TRIM, inayoiarifu kwamba nafasi fulani haitumiki tena na inaweza kusafishwa. Kufomati kwa haraka hupeleka amri hiyo kwa nafasi yote, na baada ya muda mfupi diski nyingi hurudisha sifuri tupu zinaposomwa. Diski iliyofungwa kwa usimbaji, yaani maudhui yake kugeuzwa yasisomeke bila ufunguo, huweza pia kuwa ngumu kurejeshwa ikiwa kufomati kumeharibu sehemu iliyotunza ufunguo huo.

Urejeshaji una upande wa kisheria vilevile. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na kuchakata taarifa za watu wazilinde. Hoteli inayompa fundi diski yenye nakala za pasipoti za wageni, au hospitali inayompa diski yenye taarifa za wagonjwa, inapaswa kukubaliana naye kwa maandishi kuhusu usiri wa kazi hiyo na kuhusu kufutwa kwa nakala zitakazobaki kwake. Na kwa kuwa kufomati kwa haraka hakufuti, ofisi inayouza kompyuta kuukuu baada ya kuzifomati hivyo huenda inauza pamoja nazo siri za wateja wake.

Hukumu ya uchambuzi huu ni kwamba urejeshaji hufanikiwa pale ambapo diski ni ya sahani au ni kadi ya kamera, kufomati kulikuwa kwa haraka, na mwenyewe aliacha kuitumia papo hapo. Sharti moja likikosekana, matumaini hupungua sana. Kwa hiyo kila kampuni ya utalii, shule, zahanati na kituo cha utafiti cha Karatu na Ngorongoro ihifadhi nakala tatu za mafaili yake muhimu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na nakala moja kati ya hizo ikae nje ya jengo. Nakala hizo zijaribiwe kwa kufunguliwa mara kwa mara, na yeyote anayetaka kufomati diski athibitishe kwanza kwamba nakala yake inafunguka.