Namna ya Kuomba kwa Adabu katika Kihispania

Asomaye kitabu cha Don Quijote, alichokitoa Cervantes kwa sehemu mbili, mwaka 1605 na mwaka 1615, aweza kudhani kwamba Wahispania wa kale walikuwa wakali wa maneno, kwa kuwa amri ni nyingi katika mazungumzo yao. Sisi twaona hukumu hiyo si ya haki. Yapima adabu ya kale kwa kipimo cha leo.

Zamani mwombaji alitaja waziwazi kwamba anaomba, akasema "pídovos por merced", yaani "nawaomba kwa hisani yenu". Au alimsihi mwenzake kwa jina la Mungu, kisha ndipo akaamuru. Tena adabu ilikaa katika jina aliloitwa mtu. Sancho humwita bwana wake "vuestra merced", maana yake "hisani yenu". Na kwa kuwa hisani hutajwa kwa nafsi ya tatu, kitenzi nacho hugeuka: hasemi "nipeni", bali ni kama kusema "hisani yenu na inipe". Hapo amri imekwisha kuwa ombi.

Lakini heshima ikivaliwa kila siku huchakaa kama nguo. Jina lile refu likafupishwa, hata katika karne ya 17 likawa "usted", na leo Mhispania aweza kumwambia hivyo mtu yeyote asiyemjua.

Basi mzigo wa adabu ukazidi kutwikwa kitenzi. "Quisiera", yaani "ningetaka", asili yake ni neno la Kilatini lenye maana ya "nalikuwa nimekwisha kutafuta". Na "podría", yaani "ungeweza", limeundwa kwa kitenzi "kuweza" pamoja na wakati uliopita wa "kuwa na". Maneno ya wakati uliopita yakawa maneno ya kudhania tu. Wala si ajabu: asemaye "nataka" humbana mwenzake, bali asemaye "ningetaka" hurudi nyuma hatua moja, akamwachia nafasi ya kukataa pasipo aibu.

Kwa hiyo mfasiri asimvike Sancho "ningeomba" ya siku hizi, wala asimwachie amri tupu. Kiswahili chatofautisha "nipe" na "unipe", na hii ya pili ndiyo iliyo jirani na usemi wa Sancho. Mwalimu asiyeitambua tofauti hiyo atawafundisha wanafunzi kuwadharau watu waliokuwa wakiheshimiana.