Jicho la Kutazama Kufuli za Seva

Mhasibu anabonyeza kuhifadhi, skrini inaganda. Wa dawati la pili naye yamemkuta hayo hayo. Chukua ofisi ya Kilwa Masoko au Lindi mjini ambako mafaili yote ya kazi, iwe leja ya chama cha akiba na mikopo au takwimu za samaki waliopimwa dikoni, hukaa kwenye seva moja. Hapo ndipo utajua kama seva hiyo ina mtu anayezitazama kufuli za mafaili yake, zile zinazoamua programu ipi itumie faili na ipi ingoje, kwa jicho la fundi. Aliyekariri kazi atakwambia kufuli ziko 46. Fundi atakwambia nani anangoja, na aliyemzuia ni nani.

Tofauti hiyo ina historia. Kwenye Unix za ukoo wa System V, kerneli ilitenga jedwali la kufuli lenye ukubwa maalumu. Amri ya sar -v ilikuonyesha zimetumika ngapi, na jedwali likijaa, programu zilirudishiwa kosa la ENOLCK. Kuhesabu kulikuwa na maana. Linux ya leo haina jedwali hilo, wala sar -v yake haionyeshi kufuli za faili. Kwa hiyo ukikuta kengele iliyotegwa ilie kufuli zikizidi 200, jua aliyeitega amerithi desturi bila sababu yake. ENOLCK ikijitokeza kwenye Linux, tazama kwanza upande wa NFS, mfumo wa kushiriki mafaili mtandaoni, na huduma yake ya kufuli.

Jambo la pili la kupima ni kama mtazamaji anaelewa kufuli inazuia nini. Kisiwani Songosongo, wavuvi wamewahi kufunga miamba ya pweza kwa miezi kadhaa ili pweza wakue. Baharini hakujengwi ukuta. Mwamba unafungika kwa kuwa kila mvuvi amekubali kuheshimu tangazo. Kufuli za faili za Unix kwa kawaida ni za makubaliano vivyo hivyo. Programu isiyouliza kama faili imefungwa itaandika juu yake bila kizuizi chochote. Linux iliwahi kuwa na kufuli za lazima, zikaondolewa kwenye toleo la 5.15 mwaka 2021, kwa kuwa hazikuaminika na waliozitumia walikuwa wachache mno. Muulize basi msimamizi: nakala ya usiku ya hifadhidata inachukuliwa kwa njia gani? Akikujibu kuwa ni kwa cp ya kawaida huku watu wakiendelea kuandika, hata ripoti zake za kufuli ziwe nzuri namna gani, nakala hiyo huenda isifufuke siku itakapohitajika.

Sasa tuje kwenye faili ambamo Linux huorodhesha kufuli, /proc/locks, kwani hapa ndipo ustadi unapoonekana wazi. Kila mstari hutaja aina ya kufuli (kwa mfano POSIX, FLOCK au OFDLCK), kama ni ya kusoma au ya kuandika, namba ya mchakato, kifaa na ainodi ya faili, kisha baiti inapoanzia na inapoishia. Mstari wenye mshale, ->, ni wa anayengoja. Msomaji mzuri hukimbilia mishale kwanza, akapanda hadi kwenye mstari wa mwenye kufuli, akaigeuza ainodi kuwa jina la faili kwa find na -inum. Amri ya lslocks humrahisishia kazi, lakini asiyeweza kusoma chanzo chake atakwama siku lslocks itakaposhindwa kumtaja mwenye kufuli.

Na siku hiyo huja. Kufuli za OFD, zilizoingia Linux 3.15 mwaka 2014, huonyesha namba ya mchakato -1, maana mwenye kufuli ni faili lililofunguliwa, si mchakato. Kwenye FLOCK, namba inayoonekana ni ya mchakato ulioomba kufuli. Huenda umeshakufa, na kufuli ikabaki mikononi mwa mtoto wake. Fundi huipekua /proc/PID/fdinfo, mchakato kwa mchakato, mpaka amkute anayeishikilia kweli.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni hifadhidata ya SQLite. Ukimwonyesha mtu mstari wa READ unaoanzia 1073741826 na kuishia 1073742335, akakwambia papo hapo kuwa hiyo ni SQLite na kuna msomaji ndani, umempata. Baiti 1073741825 ikishikwa kwa WRITE, kuna aliyekwisha weka nafasi ya kuandika. Ikishikwa 1073741824, mwandishi anasubiri wasomaji watoke na wapya hawaingii. Hifadhidata ikiwa kwenye hali ya WAL, ushindani huhamia kwenye faili la -shm, kuanzia baiti ya 120. Ajabu yake ni kwamba wanaongoja SQLite kwa kawaida hawana mshale: programu hubisha, ikikataliwa hulala kidogo, kisha hubisha tena. Anayetegemea mishale peke yake ataapa kuwa foleni haipo wakati ofisi nzima imesimama.

/proc/locks pia haisemi kufuli imeshikwa tangu lini. Umri lazima uutafute mwenyewe, kwa kuchukua picha kila baada ya sekunde chache na kuangalia ni mngojaji gani anajirudia mbele ya kufuli ile ile. Hati fupi ya mistari michache inatosha, mradi ikae kwenye seva yenyewe. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi maeneo ya Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika. Wiki kama hizo, ufuatiliaji uliowekwa kwenye mashine za ng'ambo haumsaidii mtu aliyeko Lindi, na fundi wa Dar es Salaam hafiki.

Umeme ukikatika kuna mtihani wa mwisho. Kufuli za kerneli hufa pamoja na kumbukumbu ya mashine, lakini faili la alama lenye kiambishi .lock hubaki kwenye diski likidai kuna mtu kazini. Msimamizi hodari haliondoi kwa pupa. Husoma namba ya mchakato iliyoandikwa ndani, akachunguza kama namba hiyo imepewa mchakato mwingine baada ya mashine kuwaka. Na kama ni NFSv4, anajua kuwa kwa kawaida seva hutoa muhula wa sekunde 90 kwa wateja wa zamani kudai tena kufuli zao, na maombi mapya hukataliwa kwa muda huo. Anamwambia mhasibu, "Dada, nipe dakika mbili," na katika dakika hizo haanzishi upya kitu chochote.