Fundi Anayeuliza Kwanza

Pikapu kuukuu ikichemsha, mwenye gari hutaka kuambiwa jina la spea, bei yake na itakuwa tayari saa ngapi. Wako mafundi wa kumpa jibu hilo papo hapo: rejeta, gaskiti, pampu ya maji, kulingana na walichobadilisha juzi kwenye gari jingine. Ninayemsifu ni yule mwingine, anayelipokea gari kwa maswali. Inachemsha ukiwa umesimama, au ukipanda mlima? Muda gani baada ya kuiwasha asubuhi? Ulikuwa umebeba nini? Maji hupungua, au yamejaa na bado geji inapanda? Nani aliifungua mara ya mwisho, na alitoa nini asirudishe?

Mpita njia aliyesimama kwenye mabanda ya jua kali ya Kakamega angedhani ni mazungumzo ya kupitisha wakati, maana mwanagenzi bado hajaitwa alete hata spana moja. Kumbe kazi imekwisha kuanza, na pengine sehemu yake ngumu ndiyo hiyo. Isitoshe, injini ingali moto, na hakuna fundi mwenye akili anayegusa kifuniko cha rejeta kabla haijapoa. Mvuke ule umewachubua wengi uso na mikono.

Gari linalochemka kwenye msongamano wa siku ya soko, kisha likapoa barabara ikifunguka, limekosa upepo. Likienda, mwendo wenyewe hupitisha hewa kwenye rejeta. Likisimama, kazi yote ni ya feni. Basi fundi ataushika mkanda aone kama umelegea, atalizungusha pangaboi kwa mkono asikie ukinzani wake, atauliza iko wapi ile kava inayozunguka feni. Peugeot 504, ambazo pikapu zake zilibeba mizigo na abiria kote nchini Kenya, nyingi zilikuwa na feni iliyounganishwa kwa sumaku ya umeme: injini ikipata moto, umeme hupita na feni hunaswa. Waya ukikatika au brashi ikiisha, feni haishiki sawasawa, na gari huchemka limesimama ilhali kila kitu kinaonekana kizima. Gari lenyewe halikuwa dhaifu. 504 zilishinda Safari Rally mwaka wa 1975 na tena 1978. Lilitaka mtu anayeujua ule waya mmoja.

Pikapu inayotulia mjini ikachemsha mlimani ina kisa tofauti, na kwa kuipima sisi tuna barabara ya Kisumu. Kutoka ufuoni mwa ziwa, takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari, inapanda kupitia Kiboswa hadi Majengo, ikavuka mita 1,500. Pikapu iliyojaa simiti hapo hutoa joto jingi, na rejeta iliyoziba nusu, iliyotosha jana kwa safari ya kwenda Lurambi na kurudi, leo haitoshi. Huenda imeziba kwa nje: vumbi jekundu, wadudu, na makapi ya majani ya miwa kwa wale wanaofuata trekta za miwa kwenye barabara ya Mumias. Fundi mwangalifu huiosha kutoka upande wa injini kuelekea mbele, kwa maji yasiyo na nguvu sana, ili yale mapezi membamba yasikunjike.

Ikiwa imeziba kwa ndani, kosa ni la maji. Mvua ya Kakamega ni nyingi kiasi kwamba maji ya paa, ambayo hayana chumvi za kuganda kwenye mirija, hayakosekani. Lakini dereva aliyekwama humimina kilicho karibu, cha mto au cha kisima. Maji matupu huitia kutu bloku ya chuma, kutu husafiri hadi kwenye rejeta, na mwaka kwa mwaka mirija hupungua upana. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi ingezuia sehemu kubwa ya hayo, maana imetiwa dawa ya kuzuia kutu. Rejeta za zamani, zikiwa za shaba, zina heri moja: fundi wa kulehemu huweza kuibandua tangi yake ya juu, akapitisha ufito mwembamba wa chuma katika kila mrija, kisha akaifunga tena kwa risasi. Rejeta za siku hizi, za alumini na plastiki, hazikubali kazi hiyo.

Sasa thamostati. Hapa sina subira na desturi iliyoenea ya kuitoa na kuitupa kwa hoja kwamba Afrika ni joto. Asubuhi za Kakamega zina baridi, na injini imeundwa ifanye kazi ikiwa na moto wa kadiri. Bila thamostati huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi, na silinda huchakaa mapema. Tena katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba ile njia ya mkato inayorudisha maji moto ndani ya bloku. Ukiitoa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na ugonjwa uliotaka kuuponya unazidi. Kuipima ni rahisi. Iweke kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, pamoja na kipimajoto. Nyingi zimechongwa 82, yaani zianze kufunguka kwenye nyuzi 82 za Selsiasi. Kakamega iko karibu mita 1,535, kwa hiyo maji ya sufuria huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala hayafiki 100. Ikiwa maji yanatokota na valvu yake haijasogea, imekufa. Ikifunguka vizuri, irudi mahali pake.

Mwinuko huohuo ndio unaokifanya kifuniko cha rejeta kuwa kitu cha heshima. Ndani ya mfumo uliofungwa, shinikizo hupandisha kiwango cha kuchemka. Kifuniko kizima cha baa 0.9 hukifikisha kwenye nyuzi 115 hivi hapa kwetu. Springi ikilegea au mpira ukipasuka, maji yatachemka kwenye 95, ndani ya injini isiyo na kosa lolote. Nimeona watu wakifunguliwa hedi kwa sababu ya kifuniko hicho, na ndiyo maana nampenda fundi anayeanza na kilicho rahisi.

Neno gaskiti hulitamka mwisho, na kwa ushahidi. Ukimwonyesha povu chini ya kifuniko cha oili, rangi ya chai ya maziwa, hataruka. Msimu wa mvua, gari la safari fupi fupi hukusanya unyevu hapo bila hitilafu yoyote. Atachomoa kijiti cha kupimia oili, na akikuta oili safi ataendelea kutafuta. Asubuhi, injini ikiwa baridi na kifuniko cha rejeta kimetolewa, atamwambia mwanagenzi akanyage mafuta kidogo naye atazame shingoni mwa rejeta. Viputo visivyokoma, au kifuniko kikirudishwa mpira wa juu ukawa mgumu kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Hapo ndipo hedi hufunguliwa na kuwekewa rula ya chuma iliyonyooka kuona kama imepinda. Hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma hutanuka zaidi ya bloku, na huharibiwa na yule dereva anayesema nifike tu nyumbani huku mshale uko kwenye nyekundu. Akifika, huimwagia injini maji baridi, na ufa hupatikana.

Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya iliyosaidia kuufanya ulimwengu uzitazame kazi za mafundi kama huyu kama uchumi kamili. Mwaka wa 1992 serikali ilitoa waraka wa sera kuhusu biashara ndogo na jua kali. Sigalagala, kando ya barabara iendayo Kisumu, vijana husomea ufundi wa magari darasani na karakanani. Hayo yote ni mema. Ila kwenye mabanda bado tunalipa kwa mtindo uleule: pesa ya spea na pesa ya mkono. Saa nzima ya kuuliza, kunusa, kushika mipira na kusubiri injini ipoe haina bei, na fundi akigundua kwamba ni kifuniko tu, hupata kidogo kuliko yule aliyeifungua hedi bila sababu. Tunamwadhibu kwa kuwa amejua.

Mimi ningetaka bei ya kuangalia itajwe kabla ya boneti kufunguliwa, ilipwe hata kama hakuna kilichobadilishwa, na mteja aikubali bila kunung'unika. Kwa pesa hiyo fundi angenunua kipimajoto chake, na ile pampu ndogo ya mkono inayotia shinikizo kwenye rejeta injini ikiwa baridi, ili maji yaonyeshe yenyewe yanapovujia.